Kata Tu, Mama Mdogo

"Inua mikono," nikamwambia.

Akainua. Mikono ikafika usawa wa mabega, ikagoma. Gauni zima likapanda nayo: kiuno kikawa mbavuni, kola ikamkaba shingo, na kwapani upande wa kulia nikasikia uzi ukikatika. Tukatazamana kwenye kioo, mimi na mtoto wa dada yangu, bi harusi mtarajiwa.

"Na keki nitawalishaje wakwe siku ya sendofu?" akauliza. Kisha akashusha mikono, akasema neno ambalo limenikaa kichwani tangu siku ile.

"Kata tu, mama mdogo. Si gauni tu?"

Mkasi nilikuwa nao mkononi. Nikaulaza juu ya cherehani, nikamwambia avue, tunywe chai kwanza.

Chai ikaisha, gauni likabaki limening'inia kwenye mlango wa kabati. Wiki zikapita. Kila nikiingia chumbani linanitazama, na kila nikilitazama nakuta sababu nyingine ya kutolishika.

Gauni lenyewe

Alilishona shangazi yangu, dada yake baba, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa mkono, mwanzo hadi mwisho. Cherehani ilikuwepo nyumbani, sindano zake ndizo hazikupatikana. Waliokuwepo miaka ile hawahitaji kuelezwa zaidi, na ambao hawakuwepo wawaulize mama zao habari za foleni.

Kanisa la kwao Muheza lilikuwa likiandaa mchezo wa kuigiza kuhusu siku za mwanzo za misheni ya Magila, na yeye akapangiwa kuwa bibi wa Kizungu. Akatafuta picha ya zamani, akaikazia macho, akashona. Ndiyo maana gauni lina sura ya miaka ya kuzunguka 1900: kola inayopanda hadi chini ya kidevu, mikono iliyofura begani na kubana kuanzia kiwiko, kifua chenye mikunjo myembamba ya kusimama, safu ya vifungo mgongoni, na chini sketi pana yenye pindo nene. Kitambaa ni bafta, ile pamba nyeupe. Lesi imezunguka kola na vifiko vya mikono, na mistari mitatu imepita kifuani.

Kaka yake bi harusi aliponiona nalo aliuliza kwa nini dada yake avae ukoloni siku ya sendofu. Si swali baya. Wakati mabibi wale wa picha wamejifunga vifungo hadi kooni, wanawake wa pwani hii walikuwa na suruali zao za marinda, na kanga ndiyo kwanza zinashika chati. Lakini bafta hii imeshonwa Muheza, na Mbondei, ili kuwachekesha Wabondei wenzake, na wanasema kanisa zima lilicheka. Nilimjibu hivyo. Akanyamaza, au alichoka kubishana na mimi.

Kwapa

Fundi wa jirani yangu, kijana mwenye kasi ya ajabu, alilitazama gauni kwa muda wa kumeza mate akatoa hukumu: "Teremsha kwapa vidole viwili. Kazi imekwisha."

Ushauri huo utausikia kwa mafundi tisa kati ya kumi, nao ni wa kuogopa.

Fanya jaribio mwenyewe. Chukua shati lenye kwapa refu lililoshuka chini, livae, kisha inua mkono kama unayeshika bomba la daladala. Shati lote litachomoka kwenye suruali. Sasa vaa shati ambalo kwapa lake ni dogo na limekaa juu, karibu na mwili. Mkono unakwenda zake, shati linabaki mahali pake. Kwapa likishuka, mkono wa nguo unakuwa umeunganishwa na ubavu wako, basi ukiinua kimoja unakiinua na cha pili. Washonaji wa enzi ile walilijua hilo vizuri, ndiyo maana makwapa yao yako juu na yamebana.

Kwa hiyo kilichombana binti hakikuwa kwapa kukaa juu. Kifua chake kimemzidi Shangazi wa wakati ule, na mkono wake wa juu umejaa zaidi. Gauni lilihitaji upana, nalo lilikuwa linapewa shimo.

Hilo nilijua. Nilichokuwa sijui ni upana huo nautoa wapi bila kulibadilisha likawa gauni jingine.

Ndani nje

Usiku mmoja umeme ulikatika, nikawasha taa ya kuchaji, nikaligeuza gauni ndani nje. Sikuwa na nia ya kushona. Nilitaka tu kuona.

Mishono ya ubavuni ilikuwa na kitambaa cha ziada, vidole viwili kila upande, kingo zake zimezungushiwa uzi kwa mkono zisifumuke.

Fikiria hilo. Miaka ambayo watu walipanga foleni alfajiri kwa ajili ya doti ya kanga, mtu anaacha bafta nzima imelala gizani ndani ya mshono, haionwi na yeyote. Leo nguo ya kiwandani unaachiwa upana wa kucha, ovaloku imepita, ukinenepa nunua nyingine. Zamani kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya fundi, basi nguo ilikatwa kwa kutarajia kwamba mwili utabadilika, au mwili wenyewe utakuwa wa mtu mwingine.

Halafu nikaitazama lesi.

Mishono ya gauni ni midogo, kucha haipenyi. Lesi lakini imeshikizwa kwa hatua ndefu, karibu na kupiga bandi, na kila kipande kina uzi wake na fundo lake kwa ndani. Nilidhani ni uvivu wa mwishoni, kama tunavyojua sote siku ya kukabidhi kazi ikifika. Mpaka nilipoona, kwenye ukingo wa kipande kimoja cha kifuani, kisiki cha uzi wa waridi. Gauni lote halina uzi wa waridi.

Nikatafuta kioo cha kukuzia. Kikaonekana kingine, na kingine. Na viungio vya lesi vilikuwa mahali pasipo na maana: katikati ya kola, robo ya njia kwenye kifiko. Mtu anayekata lesi mpya haiungi pale.

Lesi ile ilikuwa imewahi kukaa kwenye nguo nyingine.

Mpangaji

Hapa nilianza kusoma, na nikasoma kupita kiasi.

Lesi ya zamani ilifumwa kwa mkono, ama kwa sindano, ama kwa nyuzi zilizozungushwa kwenye vijiti vidogo juu ya mto, na kazi ya upana wa kiganja iliweza kula siku nyingi za mtu. Kwa hiyo lesi iliweza kuwa ghali kuliko gauni. Ilirithiwa. Ilishikizwa kwa mishono milegevu makusudi, ili ibanduliwe wakati wa kufua, na gauni likichakaa ihamie kwenye jingine. Lesi ni mpangaji, nyumba si yake.

Kisha zikaja mashine. John Heathcoat wa Uingereza alipata hataza ya mashine ya kufuma wavu wa lesi mwaka 1809. Mwaka 1816 watu wenye hasira walivamia kiwanda chake Loughborough na kuzivunja mashine, naye akahamishia kazi Tiverton. Kati ya hapo, mwaka 1813, John Leavers wa Nottingham alikuwa ameshatengeneza mashine yake, na baadaye mashine za jina hilo zikaweza kufuma hata maua. Bei ikaporomoka. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840 alichagua lesi ya mkono ya Honiton, kutoka Devon, wakati ambao wafumaji wake walikuwa wamekosa kazi. Na lesi hiyo hakuifungia sandukuni. Aliivaa tena na tena juu ya magauni mengine, miaka na miaka.

Malkia mzima. Anabandua, anabandika.

Lesi ya Shangazi ni ya pamba, ya mashine. Ukiitazama kwa kioo, sehemu zilizojaa zina vimistari vilivyosimama, tofauti na lesi ya mkono ya vijiti, ambayo sehemu zake nzito zimefumwa kama kitambaa. Kwa hiyo si mali ya kifalme. Lakini imetendewa vilevile.

Hapo swali langu likageuka. Nilikuwa nikijiuliza nina haki gani ya kuliharibu gauni asilia. Sasa sikujua tena asilia ni ipi.

Muheza

Nikapanda basi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na gauni au umekuja na maneno?"

Nilikuwa na vyote. Akalipokea, akalinusa kwapani bila aibu, akalitandika mapajani. Nikamweleza yote, nikijiandaa kusikia kwamba gauni lisiguswe. Nakiri kwamba nilitaka aseme hivyo, niende kumwambia binti: bibi yako amekataa.

Akaishika kola.

"Hii kola sikuipenda hata siku moja."

Bafta ilimwishia, akaunga vipande viwili nyuma ya shingo, na kiungio kikawa kinamkwaruza mchezo mzima. Kama si lile bibi wa Kizungu kutakiwa kuwa na shingo ngumu, asingeiweka. Nikamwambia kila anayeingia chumbani kwangu husifia kola kwanza. "Kwa sababu hawajaivaa," akasema.

Na lesi?

"Ya gagulo la mama. Gagulo lilichakaa, lesi haikuchakaa. Ningeizika?"

Kabla ya gagulo ilikuwa wapi, na nani aliishona kwa uzi wa waridi, hakujali kabisa. Alichojali ni vitu viwili. Kwanza, kifungo kimoja cha chaza hakipo, na anataka kujua kilipotelea kwa nani. Pili, zipu. Nikiweka zipu mgongoni nisimwonyeshe. "Zipu ikiharibika inaondoka na nguo. Kifungo kikikatika unashona kifungo."

Nilirudi Tanga nimekaa dirishani, mikonge inapita, gauni kwenye mfuko wa plastiki mapajani, na nikawa na hasira kidogo ambayo sikuielewa mara moja. Mwenye kazi hana habari na heshima niliyokuwa nikimwekea. Basi wiki zote zile nilikuwa namlindia nani?

Nadhani nilikuwa nalinda picha. Mstari ule wa kola na mabega, jinsi gauni linavyoonekana likiwa limening'inia bila mtu ndani yake. Shangazi hakuwahi kulishona lining'inie.

Kikwapa

Ngamiani, hapa Tanga mjini, bado wapo wazee wanaoshona kanzu barazani. Mmoja wao nilimpelekea gauni, si kwa sababu nilitarajia jibu, bali nilihitaji mtu ambaye hatasema "teremsha kwapa".

Hakulishika. Alininyooshea kidole nilifungue ubavuni, akatazama, akauliza kwa mshangao wa kweli:

"Kikwapa chake kiko wapi?"

Wavaa kanzu wanajua, ingawa wengi hawajawahi kukitazama. Kanzu ya kushonwa vizuri ina badani zake za mbele na nyuma, ina taharizi za ubavuni za kuipa upana, na chini ya kwapa, mahali mishono yote inapokutana, ina kipande kidogo cha pembe nne. Kikwapa hicho ndicho kinachomwezesha mtu kuinua mikono kwenye takbira bila kanzu kumpanda. Kwapa halishuki, ila linapata pumzi. Na si siri ya pwani peke yetu, maana mashati na mashumizi ya Ulaya ya karne ya 18 yalikuwa na pembe nne hiyohiyo kwapani, kabla ukataji haujabadilika.

Mzee akachana ukurasa wa gazeti, akakunja mraba, akauchomeka kwenye pengo la kwapa ukiwa umekaa kwa pembe. Akanivuta mkono wa gauni. Ukainuka.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba kuingiza kikwapa hakuhitaji kukata gauni. Unafumua mshono wa ubavuni kidogo na wa mkono kidogo, unakiweka, unashona. Atakayekuja kukichukia atafumua, na gauni litarudi lilivyokuwa.

Nikamlipa, ingawa alidai hakufanya kitu.

Mkasi

Ubavuni niliachia kile kitambaa cha Shangazi, karibu chote. Mstari wa mshono wa zamani ulijitokeza, mweupe upande mmoja, wa rangi ya maziwa ya jana upande mwingine, na vitundu vya sindano vimejipanga. Vitundu vya bafta hujifunga ukipiga pasi kitambaa kikiwa na unyevu. Rangi ni suala la kufua na jua, na kuanika majanini kama walivyofanya bibi zetu. Buluu nilikataa kutia, ingeupa upande mpya weupe wa kujidai.

Lakini kikwapa kinahitaji kitambaa, na bafta ya dukani ya leo hailingani kabisa, ni nyepesi na ni nyeupe kupita kiasi. Kitambaa pekee chenye umri uleule kilikuwa ndani ya pindo la gauni. Pindo ni la vidole vinne. Binti ni mfupi kama mama yake.

Hapa ndipo niliposimama zaidi kuliko popote.

Watunzaji wa makumbusho wana kanuni ambayo naiheshimu: unachokiongeza kwenye kitu cha zamani kiwe kinaweza kuondolewa. Kufumua kunaondoleka. Kushikiza kunaondoleka. Kukata ukanda kutoka kwenye pindo hakuondoleki, hata kama hauonekani. Ningeweza kutumia bafta mpya kwa ndani ya kwapa, nani angeona? Kanuni ingebaki salama.

Ila bafta mpya ingekaa vibaya na ile ya zamani. Ngumu ikishonwa kwenye laini, jasho likiingia na nguo ikafuliwa, ngumu inasinyaa na laini inachanika. Kikwapa cha kuniridhisha mimi kingekuja kulipasua gauni baada ya miaka michache. Na pindo lile Shangazi hakuliacha kwa bahati mbaya, kama hakuacha kwa bahati mbaya ule ubavu.

Nikakata. Vipande vilivyobaki nimevishikiza ndani ya pindo jipya, pamoja na kitepe nilichoandika kwa wino usiotoka: nini kimetoka wapi.

Bado sina uhakika asilimia zote. Kama ningekuwa na gauni la mwaka 1900 kwelikweli, nisingeligusa, ningempigia simu mtu. Hili ni gauni la kuigizia, la bafta, na mwenyewe yupo hai analalamikia vifungo. Kwangu hiyo inatosha kutofautisha, ingawa najua wapo watakaosema nimejitafutia ruhusa.

Kola

Kola niliibandua nzima. Enzi zile zenyewe kola nyingi zilikuwa za kuvuliwa na kufuliwa peke yake, kwa hiyo sikuona kama navunja mila ya mtu. Shingo nikaipa mviringo chini ya koo, na lesi ya kola ikahamia pale.

Kwa wanaotaka kujaribu: lesi nyingi za pamba za namna hii zina uzi mmoja mgumu kidogo unaopita kwenye ukingo ulionyooka. Utafute kwa ncha ya sindano, uvute taratibu, lesi yenyewe itajikunja ifuate mviringo. Kisha ilowanishe, ipige pasi kwa nyuma juu ya taulo. Usilazimishe mviringo kwa pini nyingi. Hapa kwetu pini zinashika kutu upesi, na kutu kwenye lesi ni ndimu, chumvi, jua na maombi.

Lesi ikapungua shubiri moja.

Nilizunguka maduka ya Ngamiani na kipande mkononi. Wauzaji wote waliniambia zao ni pamba. Nikanunua vipande vidogo, nikavichoma jikoni: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, zile ziliyeyuka zikawa kidonge kigumu cheusi. Lesi ya namna hiyo pasi ya moto inaimaliza, na hata ukiichovya kwenye chai ya rangi ili ifanane na ya zamani, haishiki chochote. Ilibaki nyeupe, inang'aa.

Nikafikiria kuchukua mstari mmoja wa kifuani. Bi harusi akakataa, mistari mitatu anaipenda. "Acha nyuma patupu, nywele zitafunika." Nilitaka kumweleza kwamba nguo haishonwi kwa kutegemea nywele. Nikakumbuka kiungio cha Shangazi nyuma ya shingo, nikashona hadi lesi ilipofika, nikafunga fundo.

Kwa hatua ndefu, uzi mmoja kwa kila kipande.

Baada ya sendofu

Sendofu imepita salama. Kwa picha za simu zilizozunguka kwenye kundi la ukoo, watu wamesifia lesi ya shingoni, na wawili wameuliza nimeinunua duka gani.

Shangazi alinipigia kesho yake asubuhi. Hakusifia. Aliikuza picha, akaona bega la kushoto linavuta.

Linavuta kweli. Nimeliona hata mimi. Nilipoachia ubavu, upande wa kushoto ulitoa zaidi, na mkono ukapinda kidogo kwa nyuma. Yeye anasema nilifumue sasa hivi kabla gauni halijafuliwa, maana mshono mbaya ukishapigwa maji unajizoesha. Mimi nasema lifuliwe kwanza, pande mbili za ubavu zikae sawa, ndipo nijue linavuta kwa kiasi gani. Tumebishana hadi salio lake likaisha, nikampigia mimi, tukaendelea.

Na kile kifungo cha chaza bado anakitafuta.